UZI: Ugomvi wa maji kati ya nchi jirani huanzia kwenye banio

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila ukame unapobisha hodi, inarudi ile kauli kwamba vita vijavyo vitakuwa vya kugombea maji. Ismail Serageldin aliitoa mwaka 1995 akiwa makamu wa rais wa Benki ya Dunia. Kabla yake, mwaka 1979, Anwar Sadat alikuwa ameshasema kwamba baada ya amani na Israel, kitu pekee kinachoweza kuirudisha Misri vitani ni maji. Ila ukiuliza ni vita gani hasa nchi mbili zimepigana kwa ajili ya maji tu, watafiti wanakurudisha nyuma kama miaka 4,500, kwa Lagash na Umma, miji miwili iliyogombea mashamba na mifereji katika eneo ambalo leo ni kusini mwa Iraq. Profesa Aaron Wolf na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, walikusanya matukio zaidi ya 1,800 yaliyohusu mito ya pamoja kati ya 1948 na 1999. Karibu theluthi mbili yalikuwa ya kushirikiana.

Hapo wapo wanaohitimisha kwamba basi hakuna tatizo. Sikubaliani nao hata kidogo, maana watu wanauawa mipakani kwa ajili ya maji katika miaka hii hii tunayoishi. Ninachokipinga ni kuuweka uchache mbele kama ndiyo sababu. Kuna mabonde makavu ambako majirani hawajawahi kurushiana risasi, na kuna mito mikubwa ambako mabalozi wanarudishwa nyumbani. Kwa ninavyouona mwenendo wa kesi nyingi, moto huwaka pale ambapo mmoja ameshika lango la maji, mwenzake hana namna ya kujua linafunguliwa lini na kwa kiasi gani, na mkataba, kama upo, uko kimya kuhusu mwaka wa ukame. Uchache unakuja juu ya hayo na kuyachochea.

Nianze na mahali ambapo damu ilimwagika kweli.

Bonde la Fergana, Asia ya Kati, mpakani mwa Kyrgyzstan na Tajikistan, kuna banio linaitwa Golovnoy. Linachukua maji kutoka mto mmoja ambao Watajiki wanauita Isfara na Wakirgizi wanauita Ak-Suu. Lilijengwa enzi za Umoja wa Kisovieti, wakati pande zote mbili zilikuwa chini ya serikali moja na zamu za maji zilipangwa kutoka juu. Mwaka 1991 Umoja ukavunjika. Mifereji ikabaki ilipo, mashamba yakabaki yalipo, na mpaka ambao zamani ulikuwa mstari wa kiutawala tu ukawa mpaka wa nchi mbili zenye majeshi. Kwa sehemu kubwa haukuwa hata umechorwa kwa makubaliano.

Tarehe 28 Aprili 2021 watu wa upande wa Tajikistan walipanda nguzo karibu na banio lile wakafunga kamera. Wakirgizi wakataka ishushwe. Yakaanza mawe baina ya wanakijiji, kesho yake ikawa bunduki na silaha nzito za majeshi. Ndani ya siku chache walikuwa wamekufa zaidi ya watu 50 na makumi ya maelfu wameyakimbia makazi yao.

Tuitafakari hiyo kamera. Kilichobishaniwa kwenye nguzo ile kilikuwa ni nani mwenye haki ya kuliangalia banio. Kila upande ulikuwa umeshaamini kwamba mwenzake akibaki peke yake pale atageuza maji. Watu wakifika hapo hawahitaji hata mto ukauke ndipo wapigane. Ilichukua karibu miaka minne mpaka marais Sadyr Japarov na Emomali Rahmon wakasaini mkataba wa mpaka mjini Bishkek, tarehe 13 Machi 2025, na huwezi kuuzungumzia mpaka ule bila kulizungumzia banio.

Mfano wa pili ni mto Helmand. Unatoka milima ya Afghanistan na kuishia kwenye maeneo oevu ya Hamun, mpakani na Iran, mkoa wa Sistan. Nchi hizi zina mkataba tangu 1973, na kwenye karatasi ni mkataba mzuri: Iran inapata wastani wa mita za ujazo 26 kwa sekunde. Lakini kiasi hicho ni cha mwaka wa maji ya kawaida. Mwaka ukiwa mkavu kinapungua kwa uwiano. Sasa nani anasema mwaka huu ni wa kawaida au mkavu? Kipimo kiko Dehrawud, juu ya bwawa la Kajaki, ndani kabisa ya Afghanistan. Iran inasema maji yapo, mmeyafungia. Kabul inajibu kwamba mvua hazikunyesha, hata sisi hatuna. Mwaka 2021 Afghanistan ikazindua bwawa lingine, Kamal Khan, karibu zaidi na mpaka. Mei 2023 Rais Ebrahim Raisi akaionya serikali ya Taliban hadharani, na tarehe 27 mwezi huo huo walinzi wa mpaka wakarushiana risasi, watu wakafa pande zote mbili.

Miaka yote hiyo Iran ilikuwa ikiomba wataalamu wake wafike Dehrawud wakaone kwa macho yao. Mzozo mzima ungeweza kupunguzwa nusu na fimbo ya kupimia kina iliyosimama mtoni, ikisomwa na watu wawili, mmoja wa kila upande, siku moja na saa moja.

Nitaendelea. Mwenye hoja aweke.

#2 – Mchangiaji

Mkuu nakubali kwa Asia ya Kati, ila ukija Nile hoja yako inakwama. Pale hakuna anayebishania kamera wala fimbo. Misri ina watu zaidi ya milioni 100, karibu maji yake yote yanatoka mto mmoja, mvua hawana. Huo ni uchache mtupu, halafu Ethiopia imejenga ukuta wa bwawa juu yao. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

#3 – Mleta uzi

Ndugu, hofu ya Misri ni ya kweli na siidharau. Karibu maji yake yote yanazaliwa nje ya mipaka yake. Nchi ya namna hiyo haina budi kulala jicho moja wazi.

Ila tuangalie karatasi zinasemaje, maana Nile imeharibiwa na karatasi mapema sana. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake, ilibadilishana barua na Misri: hakuna kazi itakayofanywa mtoni wala kwenye maziwa yake, itakayopunguza maji ya Misri, bila Misri kukubali. Mwaka 1959 Misri na Sudan wakakaa wawili. Wakahesabu mto una wastani wa mita za ujazo bilioni 84 kwa mwaka pale Aswan. Misri ikachukua bilioni 55.5, Sudan bilioni 18.5, na bilioni 10 zilizobaki zikahesabiwa kuwa zitapotea kwa jua na kwenye mchanga. Jumlisha mwenyewe: 84. Mto mzima umekwisha mezani. Ethiopia, ambako kiasi cha asilimia 85 ya maji yanayofika Aswan hutoka, haikuwepo. Wala Tanganyika, Uganda, Kenya, Rwanda na Burundi.

Mwalimu Nyerere alilijibu hili mapema. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi nchi huru, huku ikisema iko tayari kukaa kuzungumza upya. Watu hukumbuka sehemu ya kwanza ya msimamo ule, ile ya kukataa. Ya pili, ya kuwa tayari kuzungumza, ndiyo iliyokuja kuzaa Mpango wa Bonde la Nile, uliozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1999. Mkataba wa Entebbe, wa nchi za bonde la Nile kuhusu kutumia mto kwa pamoja, ukafunguliwa kusainiwa tarehe 14 Mei 2010. Ulikwama hasa kwenye ibara ya 14(b). Nchi za juu zilitaka kuahidi kutoathiri kwa kiasi kikubwa usalama wa maji wa nchi nyingine, Misri na Sudan zikataka iandikwe pia matumizi na haki zilizopo sasa. Matumizi yaliyopo maana yake zile bilioni 55.5. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 13 Oktoba 2024 baada ya Sudan Kusini kujiunga, bila Misri wala Sudan.

Sasa bwawa lenyewe. Ethiopia iliweka jiwe la msingi la GERD, lile bwawa lake kubwa kwenye Nile ya Bluu, Aprili 2011, ikaanza kujaza Julai 2020, ikalizindua rasmi Septemba 2025. Linabeba mita za ujazo bilioni 74 hivi na limetengenezwa kwa ajili ya umeme, megawati 5,150. Umeme hauli maji. Yanapita kwenye mashine yanaendelea na safari, isipokuwa yale ya kujaza mara ya kwanza na yanayokaushwa na jua. Ndiyo maana, mkuu, ukifuatilia mazungumzo ya Washington ya mwishoni mwa 2019 na mwanzo wa 2020, utakuta yaligota kwenye mambo ambayo ni yale yale ya Helmand: ukame ni nini, unapimwaje, ukija wa miaka kadhaa mfululizo Ethiopia iachie kiasi gani, na mkishindwa kuelewana nani ataamua. Ethiopia haikwenda kwenye kikao cha mwisho cha Februari 2020.

Hili si jambo la kufikirika. Miaka ya 1980 nyanda za juu za Ethiopia zilikauka mwaka baada ya mwaka. Ziwa Nasser, nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan, likashuka mpaka Misri ikawa inahesabu siku za mashine zake za umeme kusimama, kisha mafuriko makubwa ya Agosti 1988 yakaliokoa. Ukame wa namna ile ukirudi, kutakuwa na maziwa mawili makubwa kwenye mto mmoja, kila moja na mwenye funguo wake, yote yanahitaji kujazwa, na hakuna maandishi yanayosema nani atangulie. GERD ilijazwa katika miaka ambayo mvua zilikuwa za kuridhisha. Mtihani wenyewe bado.

Umeuliza ningefanyaje. Ningeacha kuzing'ang'ania bilioni 55.5 na kutumia nguvu zote za kidiplomasia kupata kifungu cha ukame na haki ya kusoma vipimo vya GERD kila siku. Namba ya kudumu kwenye mto unaopanda na kushuka haimlindi mtu mwaka ambao maji hayapo.

#4 – Mchangiaji

Mimi nipo upande wa nchi za juu. Maji yanaanzia kwao, mvua ni ya kwao, udongo unaomomonyoka ni wa kwao. Mafuta ya Waarabu yanagawanywa? Mbona maji yao lazima wagawe?

#5 – Mleta uzi

Mkuu, mafuta yametulia yalipo, hayavuki mpaka yenyewe usiku. Na hoja ya "yanaanzia kwangu" ina shida kubwa zaidi: karibu kila nchi iko juu ya mwenzake kwenye mto mmoja na chini ya mwingine kwenye mto mwingine. Leo unaitumia, kesho inatumiwa dhidi yako.

Mfano wa karibu sana na sisi. Ziwa Victoria lina njia moja tu ya kutokea maji, Jinja, Uganda. Bwawa la Owen Falls lilipojengwa pale, likafunguliwa 1954, ikawekwa kanuni safi kabisa: kila siku liachie kiasi kile kile ambacho ziwa lingekiachia lenyewe kama bwawa lisingekuwepo, kwa kuangalia kina cha ziwa. Mwaka 2000 kikaongezwa kituo cha pili cha umeme, Kiira, pembeni yake. Kisha ukaja ukame wa 2004 hadi 2006. Mahitaji ya umeme yalikuwa yanapanda, na maji yakaachiwa zaidi ya ile kanuni. Ziwa likashuka kwa zaidi ya mita moja. Mjadala wa ukame ulichangia kiasi gani na bwawa kiasi gani haukukosekana, lakini yote mawili yalihusika.

Mita moja inasikika ndogo. Ziwa lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, kwa hiyo kila mita ya kina ni karibu mita za ujazo bilioni 69. Hiyo haiko mbali na ujazo mzima wa GERD. Mialo ikabaki mbali na maji na mabomba ya kuvuta maji ya miji yakakaribia kuning'inia juu, Kenya na Tanzania, kwa uamuzi uliofanywa kwenye chumba cha mitambo Jinja. Tuliokuwa tukijihesabu wa juu, siku ile tulikuwa wa chini. Nchi zile hazikupigana, na sababu moja naiona wazi: kanuni ilikuwa imeandikwa na kina cha ziwa kinasomeka kwa yeyote. Iliwezekana kusema, kwa namba, kwamba kanuni imevukwa. Anayesema umenionea akiwa na namba anakwenda kwenye kikao. Asiye na namba anabaki na hasira.

Linganisha na mto Frati, unaotoka Uturuki kupitia Syria hadi Iraq. Januari 1990 Uturuki iliuzuia mto kwa karibu mwezi mzima ili kujaza Bwawa la Atatürk. Ilitoa taarifa mapema na ilikuwa imeongeza maji kabla ya kufunga, lakini Syria na Iraq ziliona kwa macho kwamba mto unaweza kuzimwa, na hawajalisahau. Miaka 15 nyuma yake, 1975, Syria yenyewe ilikuwa juu ya Iraq, inajaza bwawa la Tabqa wakati Uturuki nayo inajaza Keban. Syria na Iraq wakasogeza majeshi mpakani, Saudi Arabia ikaingia kusuluhisha. Syria hiyo hiyo! Mwaka 1975 mlalamikiwa, 1990 mlalamikaji.

Sheria ya kimataifa nayo ipo, ila haina meno. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu mito ya pamoja unasema mambo mawili: tumia kwa haki na kwa kiasi, usimdhuru mwenzako kwa kiwango kikubwa. Wa juu wanapenda la kwanza, wa chini la pili. Siku ya kura nchi tatu tu zilikataa, Uturuki, China na Burundi, zote za juu. Ethiopia na Misri kwa pamoja hazikupiga upande wowote, pengine ndilo jambo pekee la maji walilowahi kulifanya sawa. Mkataba ule ulisubiri mpaka 2014 kupata nchi za kutosha uanze kufanya kazi.

#6 – Mchangiaji

Na India na Pakistan je? Wana mkataba, wana tume, wana kila kitu ulichokitaja. Wakapigana 1965, 1971 na 1999. Na sasa India imeusimamisha mkataba. Kwa hiyo karatasi zilisaidia nini?

#7 – Mleta uzi

Swali zuri sana, na ndiyo kesi inayonisumbua kuliko zote.

Kwanza tukumbuke walikotoka. Mpaka wa 1947 uliukata mfumo wa mifereji ya Punjab katikati, mabanio yakabaki India na mashamba mengi Pakistan. Tarehe 1 Aprili 1948 Punjab ya India ilifunga maji ya mifereji iliyokuwa ikiingia Pakistan. Ilikuwa msimu wa kupanda. Jambo lile lilitia hofu ambayo vizazi vya leo Pakistan bado vinairithi. Ilichukua miaka 12 na usuluhishi wa Benki ya Dunia mpaka Nehru na Ayub Khan wakasaini mkataba wa Indus mjini Karachi, tarehe 19 Septemba 1960. Waligawana mito badala ya maji: Ravi, Beas na Sutlej kwa India, na Indus, Jhelum na Chenab kwa Pakistan, India ikibaki na ruhusa ya matumizi madogo na umeme kwa masharti ya kiufundi yaliyoandikwa kwa undani mno. Kila upande ukateua kamishna.

Karatasi zilisaidia nini? Zilisaidia kwamba katika vita vyote vitatu ulivyovitaja, hakuna aliyetumia maji kama silaha na mkataba haukuguswa. Walibishana kuhusu Baglihar, bwawa la umeme la India kwenye Chenab, wakaenda kwa mtaalamu asiyefungamana na upande. Wakabishana kuhusu Kishenganga, mradi mwingine wa umeme wa India, wakaenda kwa mahakama ya usuluhishi. Nchi mbili zenye silaha za nyuklia zilikuwa zinashtakiana kuhusu kimo cha lango la kutolea tope. Huo ni ushindi, tusiupuuze.

Kisha tarehe 22 Aprili 2025 yakatokea mauaji ya watalii Pahalgam, watu 26. Kesho yake India ikatangaza kuuweka mkataba kando. Sababu iliyotolewa ilikuwa ugaidi. Hakuna aliyedai maji yamepungua. India haina mabwawa ya kutosha kwenye ile mito mitatu ya magharibi kuweza kuyazuia maji kwa msimu mzima, kwa hiyo Pakistan haitakauka kesho. Kilichoondoka siku ile ni taarifa na ratiba. Kamishna wa Pakistan hana tena uhakika wa kupata vipimo, na shughuli kama kusafisha tope kwenye mabwawa, ambayo mkataba uliiwekea msimu wake wa mvua, sasa inaweza kufanywa wakati wowote. Bwawa la kusafishwa linamwagwa, kisha linafungwa lijae. Kwa mkulima wa chini hiyo ni mafuriko ya siku mbili ikifuatiwa na mfereji mkavu, katika wiki ambayo mpunga unahitaji maji. Jumla ya mwaka inaweza kuwa ile ile na shamba likafa.

Hapo ndipo siku zote ninapowashangaa wanaohesabu bilioni kwa mwaka. Mmea hauli wastani wa mwaka.

Kwa hiyo, ndugu, jibu langu: mkataba ulifanya kazi kwa miaka 65 kwa sababu ulikuwa umetengwa na siasa nyingine zote. Ulianza kuyumba siku siasa nyingine ilipoingizwa ndani yake.

#8 – Mchangiaji

Mleta uzi shukrani, nimejifunza. Ila tupe basi mahali ambapo mambo yamekwenda vizuri, tusije tukalala na hofu tu.

#9 – Mleta uzi

Mto Senegal, bila kusita.

Mali, Mauritania na Senegal waliunda mamlaka yao ya mto, OMVS, mwaka 1972, ukame wa Sahel ukiwa umewabana kooni. Guinea, ambako mto unaanzia, ikaja kujiunga 2006. Mwaka 1978 walikubaliana jambo ambalo nchi nyingi haziwezi hata kulisikia: mabwawa yawe mali ya pamoja ya nchi wanachama, popote yatakapojengwa. Bwawa la Manantali liko ndani ya Mali, lakini Mali hailimiliki peke yake. Umeme wake umegawanywa: Mali asilimia 52, Senegal 33, Mauritania 15. Mikopo wanaidhamini pamoja. Na maji hayakugawiwa kwa namba ya kudumu kwa kila nchi. Tume yao ya wataalamu inakaa, inaangalia mwaka ulivyo, inapanga kati ya kilimo, umeme na usafiri wa majini.

Mwaka 1989 ugomvi wa wafugaji na wakulima kandokando ya mto ule uligeuka mauaji na kufukuzana kati ya Senegal na Mauritania, makumi ya maelfu wakavushwa mto kwa nguvu, uhusiano wa kibalozi ukakatika mpaka 1992. OMVS haikuvunjika, maana huwezi kumfungia jirani lango ambalo nusu ya bawaba ni zake.

Si kila kitu kilikuwa kizuri, niseme ukweli. Baada ya bwawa la Diama kuzuia maji ya chumvi kutoka baharini, konokono wa kichocho walipata makazi mapya na ugonjwa ukalipuka maeneo ya Richard-Toll. Na wakulima waliokuwa wakipanda kwenye tope la mafuriko ya kila mwaka walipoteza mafuriko yao. Amani kati ya serikali haimaanishi kila mtu wa kando ya mto amepata haki. Hao wa kando ya mto huwa hawamo kwenye picha za kusaini.

Kwetu huku kuna Rusumo kwenye mto Kagera: megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi kwa mafungu sawa. Ni ndogo ukilinganisha na GERD, lakini ukitaka kujua umiliki wa pamoja unafananaje, ndio huo.

Na wapo waliokuwa maadui wa wazi na bado walipima maji pamoja. Israel na Jordan, kabla ya mkataba wa amani wa 1994, walikuwa kisheria vitani, ila kwa miaka mingi wataalamu wao wa maji walikutana kimyakimya karibu na pale mto Yarmouk unapoungana na mto Yordani, mezani kama watu waliokwenda matembezi, wakipanga mifuko ya mchanga ikae vipi mtoni ili kila mfereji upate chake. Cha kusikitisha, mkataba rasmi wa 1994 ulipokuja ulitaja kiasi na haukusema lolote kuhusu ukame. Mwaka 1999 ukame ukaja, Israel ikatangaza itapunguza sana maji ya Jordan, na amani yenyewe ikatikisika mpaka wakapata suluhu. Wataalamu wa mifuko ya mchanga walikuwa wanalijua hilo miaka yote. Wanasheria hawakuwauliza.

#10 – Mchangiaji

Mkuu swali la mwisho. Ungetuambia tuangalie wapi sasa hivi?

#11 – Mleta uzi

Wengi watakwambia Nile au Indus. Mimi nakuelekeza Ganges.

India ilifungua kizuizi cha Farakka mwaka 1975, kilomita chache kabla mto haujaingia Bangladesh. Baada ya miaka mingi ya malalamiko wakasaini mkataba tarehe 12 Desemba 1996, wa miaka 30. Piga hesabu, unaishia Desemba 2026.

Ni mkataba ambao mtu anayejali mambo haya anapaswa kuusoma. Hauhesabu kwa mwaka. Unashughulika na kiangazi tu, 1 Januari hadi 31 Mei, na unagawa kwa vipindi vya siku kumi kumi. Maji pale Farakka yakiwa futi za ujazo 70,000 kwa sekunde au pungufu, kila nchi nusu. Yakiwa kati ya 70,000 na 75,000, Bangladesh inapata 35,000 na India inayobaki. Yakizidi hapo, India inachukua 40,000 na zote zilizobaki ni za Bangladesh. Katika wiki mbaya zaidi, Machi hadi Mei, wanapokezana uhakika wa 35,000. Timu ya pamoja inasoma vipimo Farakka na pale Daraja la Hardinge, upande wa Bangladesh. Fimbo ile niliyoitaja kwenye Helmand, hawa wanayo.

Una pengo moja. Mto ukishuka chini ya 50,000, mkataba unasema serikali zikutane haraka kushauriana. Haumwambii yeyote nani apunguziwe. Na ushauri wa haraka unahitaji serikali zinazoongea vizuri, wakati uhusiano wa Delhi na Dhaka umekuwa wa baridi tangu Sheikh Hasina, aliyeusaini ule mkataba kwa upande wa Bangladesh, alipoondolewa madarakani Agosti 2024 na kukimbilia India.

Wakiurefusha kama ulivyo, watakuwa wamenunua muda. Wakijaza lile pengo, nchi nyingine zitapata kielelezo cha kunakili. Wakishindwa yote mawili, kiangazi cha 2027 kitaanza tarehe 1 Januari na milango ya Farakka itakuwa chini ya uamuzi wa upande mmoja.

Nitaurudia uzi huu habari zikibadilika. Mwenye anachokijua kuhusu Mekong au maji ya chini ya ardhi ashushe hapa, hayo mawili sijayagusa na yana mengi.